Shekhar Mehta: Mfalme wa Safari Rally aliyeshinda mara tano bila turbo

Msimu wa pamba ukikaribia, pita gereji yoyote ya Bariadi mjini. Hukosi kukuta Land Cruiser imefunguliwa boneti na watu watano wameizunguka wanabishana. Ubishi wenyewe ni uleule kila mwaka: tufunge turbo au tuiache ilivyo?

Injini inayobishaniwa ni ile 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2. Kiwandani haikupewa turbo, inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Mwenye gari anataka itoke Meatu na mzigo bila kuhema. Fundi anamwambia turbo ndiyo dawa. Jirani yangu alikubali dawa hiyo. Miezi mitatu haikuisha, silinda hedi ikapasuka, gari likawekwa juu ya mawe mpaka masika yakapita.

Mimi kila nikisikia ubishi ule namkumbuka Shekhar Mehta. Wazee waliokuwa wakisikiliza redio kila Pasaka hawahitaji kuambiwa ni nani. Vijana wa leo wanamjua Sébastien Ogier na Kalle Rovanperä, na hawajui kwamba katika Safari Rally ya ubingwa wa dunia wote wawili bado hawajamfikia mtu huyu aliyezaliwa hapohapo Uganda.

Mehta alizaliwa Juni 1945 katika familia ya Kihindi yenye mashamba na mali. Mtoto wa tajiri kupenda magari si ajabu. Ajabu ni kwamba hakuishia kwenye kujionyesha mjini. Akiwa kijana wa miaka ya ishirini tu tayari alikuwa anapambana na watu wazima kwenye East African Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ambayo enzi hizo yalipita Kenya, Uganda na huku kwetu. Mwaka 1971 alimaliza wa pili akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilohilo.

Kisha ukaja mwaka 1972. Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda, na familia ya Mehta ikaondoka pamoja na wengine. Shekhar akahamia Kenya. Fikiria hali hiyo: nyumba umeiacha, nchi uliyozaliwa haikutaki, na Pasaka ijayo unatakiwa upande gari la mashindano kama vile hakuna kilichotokea.

Pasaka hiyo ya 1973 ndiyo iliyomfanya jina. Ubingwa wa dunia wa rally ulikuwa unaanza mwaka huohuo, na Safari ikawa moja ya mashindano yake. Mehta na msoma ramani wake Lofty Drews walikuwa na 240Z. Mshindani wao wa karibu alikuwa Harry Källström wa Sweden, naye kwenye Datsun, ila ya 1800 SSS. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na tope, waandaaji walijumlisha adhabu za kila mmoja wakakuta zimelingana. Sawasawa kabisa! Ikabidi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta.

Sasa hapa ndipo watu wa gereji wasogee karibu.

Injini ya 240Z ilikuwa na lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, haina turbo. Gari la kawaida la dukani lilikuwa na nguvu farasi kama 150. La timu ya kiwanda lilipita 200. Hizo 50 na zaidi zilitoka wapi? Injini isiyo na turbo ni pampu ya hewa. Hakuna anayeisukumia, kwa hiyo ukitaka nguvu zaidi huna budi kuisaidia ipumue: kabureta kubwa zaidi (wao walifunga tatu, kila moja ina matundu mawili), njia za hewa kwenye silinda hedi zilainishwe na kupanuliwa, kamshafti iinue valvu juu zaidi na kuziacha wazi kwa muda mrefu, ekzosi itoe moshi bila kubanwa. Baada ya hapo unaweza kuongeza mgandamizo kidogo, na kuiacha injini izunguke kwa kasi kubwa zaidi.

Kila kimoja kina gharama yake. Ukizidisha mgandamizo na petroli ni hafifu, injini inagonga na pistoni zinatoboka. Ukiizungusha kupita kiasi, beringi zinakwisha na gari linanoki. Kamshafti kali sana inakupa nguvu juu huko, lakini kwenye mwendo wa chini injini inakohoa, na kwenye tope mwendo wa chini ndio unaohitaji. Kilichoiokoa 240Z ni umbo lake la chini. Krankshafti yake ilikaa kwenye beringi kubwa saba, kwenye bloku ya chuma. Nguvu ziliongezwa juu ya msingi ambao tayari ulikuwa unaweza kuzibeba. Hiyo 1HZ ya jirani yangu haikuulizwa kama inaweza.

Na usisahau mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa Simiyu gari lolote la namna hiyo limeshakatwa zaidi ya kumi hiyo kabla hujawasha. Nairobi, ilikokuwa ikianzia Safari, ni juu zaidi. Ukiongeza vumbi la njia zile, utaelewa kwa nini chujio la hewa na rejeta nzuri zilikuwa na thamani kuliko nguvu farasi kumi za kwenye karatasi.

Baada ya 1973 Mehta alikaa miaka kadhaa bila kushinda tena Safari. Joginder Singh, fundi wa Kericho, ndiye aliyetamba kipindi hicho, akichukua 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6 tu. Huyo naye turbo hakuwa nayo. Alianza Safari mara 22 na kumaliza 19, na mimi takwimu hiyo huihesabu kuwa kubwa kuliko kombe lolote.

Mehta alirudi mwaka 1979, na safari hii mpinzani alikuwa na misuli kwelikweli. Mercedes-Benz walileta 450 SLC 5.0, injini ya V8 ya lita tano, nguvu farasi 240 ikiwa imetoka tu kiwandani, tena na gia za kujibadilisha zenyewe. Waliomkabidhi usukani wake hawakuwa wajinga, alikuwa Hannu Mikkola, aliyekwisha kushinda Safari ya 1972. Mehta alikuwa na Datsun 160J, kigari cha silinda nne ambacho ukikiona barabarani ungedhani mwalimu anaenda sokoni.

Mwalimu akashinda. Mikkola akawa wa pili.

Wengine walisema bahati. Mwaka 1980 Mercedes wakarudi, Mehta akashinda tena, Rauno Aaltonen wa timu ya Datsun akawa wa pili, na Mercedes ya Vic Preston mdogo ikawa ya tatu. Lita tano zina nguvu, hakuna anayebisha, lakini zina uzito, na kwenye tope uzito huo huwezi kuuficha. Aliyewahi kunasa kwenye udongo mweusi wa mbuga kati ya Itilima na Meatu mwezi Aprili anajua ninachosema. Pale gari zito lenye nguvu linajichimbia kaburi lake lenyewe, na jepesi linapita likiteleza.

Ushindi wa 1981 ulikuja na kelele, kwa sababu Aaltonen naye aliamini wa kwanza ni yeye. Mvutano kati ya watu wa timu moja si jambo zuri, lakini mwishowe jina lililobaki kwenye kumbukumbu ni la Mehta. Mwaka 1982 akamalizia na Datsun Violet GT, akimwacha nyuma Walter Röhrl wa Opel, ambaye mwaka huohuo alikuwa bingwa wa dunia. Wakati huo injini ya lita mbili ilikuwa na valvu 16 na kamshafti mbili, ikitoa nguvu farasi takriban 230. Yaani karibu sawa na ile V8 ya dukani, kwa lita mbili, bila turbo, kwa kupumua vizuri tu. Ushindi wote huo wa mfululizo, miaka minne, msoma ramani wake alikuwa Mike Doughty. Kwenye mashindano mengine mara nyingi aliyekaa kiti kile alikuwa mkewe, Yvonne.

Zama zilikuwa zinabadilika. Audi walishaonyesha kwamba turbo na magurudumu manne yanayovuta ndiyo njia mpya. Mwaka 1983 Ari Vatanen aliwazuia na Opel isiyo na turbo, lakini 1984 Björn Waldegård akaleta Toyota Celica yenye turbo na kushinda. Viwanda vikubwa vilikuwa vimeijenga injini kuanzia chini ili ibebe turbo. Ni tofauti na kuichomeka juu ya injini ya mtu mwingine Jumamosi mchana.

Mehta hakushinda tena Safari. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye Rally ya Mafarao, Misri, akaumia sana, na udereva ukaishia hapo. Akaingia kwenye uongozi, akapanda hadi kuiongoza kamisheni ya rally katika shirikisho la magari duniani, FIA. Hata hivyo Safari yenyewe, iliyomlea, ilitolewa kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia baada ya 2002.

Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka, wiki ambayo zamani angekuwa anakagua gari kwa mara ya mwisho kabla ya bendera. Safari ilirudi kwenye kalenda mwaka 2021, na mpaka leo ushindi wake mara tano wa mashindano hayo kwenye ubingwa wa dunia haujafikiwa.

Jirani yangu alinunua silinda hedi nyingine. Turbo alimuuzia mtu wa Maswa.