Eugène Bourdon: Mfaransa aliyelifanya bomba liseme presha

UKIPITA Koboko asubuhi, kabla ya wenye maduka kufungua, utasikia kompresa za wajaza upepo zinaanza kunguruma. Juu ya kila tangi pana kitu cha duara kama saa, chenye kioo na mshale mmoja. Wenyewe hukiita geji. Mwenye pikipiki anayekwenda Oraba hukitazama, dereva wa lori lililotoka Arua usiku hukitazama, na mjaza upepo asiyejua kusoma jina lake naye anajua mshale ukifika wapi azime mashine. Ndani ya saa hiyo mna bomba dogo lililokunjwa kama mundu. Bomba hilo lina jina la mtu, nalo ni Bourdon.

Leo nataka kueleza maisha ya mtu huyo. Nina deni naye, na deni lenyewe nitalitaja mbele.

Jina lake nililisikia kwanza kwa Kifaransa. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1980 kama watu wengi wa West Nile, mimi nikiwa mgongoni. Wenzetu walipoanza kurudi nyumbani, baba alibaki upande wa Aru kwa kuwa alikwisha kupata kazi ya kupima kahawa. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa shule za Zaire. Mwalimu wetu wa fizikia alichora lile bomba ubaoni na kulitaja jina huku silabi ya mwisho akiipitisha puani. Nilipokuja kufundisha upande huu nikalikuta jina lile lile katika vitabu vya Kiingereza, na wanafunzi wangu wakidhani ni neno la Kiingereza lenye maana ya mviringo. Nikawaambia ni mtu, alikuwa na baba na mama, na aliwahi kushtakiwa mahakamani akashindwa. Hapo ndipo walipoinua vichwa.

Eugène Bourdon alizaliwa Paris tarehe 8 Aprili 1808. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na alitaka mwanawe aishike biashara. Akampeleka Nuremberg, Ujerumani, akae miaka miwili ajifunze Kijerumani. Jambo hilo halitamshangaza mfanyabiashara yeyote wa mpakani, maana hata sisi tunao wazee wanaompeleka kijana Ariwara akae kwa shangazi mpaka ajue Lingala na bei za kule. Kijana Eugène alirudi na lugha, lakini biashara haikumkaa moyoni. Baba alipofariki aliingia kufanya kazi kwa mtengeneza vyombo vya kuonea, wale wa lenzi na darubini, na mwaka 1832 akafungua karakana yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka huo huo alipeleka mbele ya chama cha kuendeleza viwanda cha Ufaransa injini ndogo ya mvuke ambayo silinda zake zilikuwa za kioo, ili mtu aone kwa macho yake yanayotokea ndani. Mwaka 1835 alihamia mtaa wa Faubourg du Temple, mtaa wa mafundi, akakaa hapo muda mrefu. Alitengeneza injini ndogo za kufundishia zaidi ya 200. Sisi walimu tunaochora injini ubaoni kwa chaki tungemshukuru sana.

Sasa ni lazima nieleze hofu ya zama zile. Viwanda, meli na treni vyote vilikuwa vinaendeshwa kwa mvuke, na mvuke hukaa ndani ya boila. Boila likizidiwa na presha hupasuka, na likipasuka huua waliomo ndani na majirani wa nje. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1843 ikataka maboila yawe na kipimo cha presha. Kipimo chenyewe kilikuwa bomba la kioo lenye zebaki. Presha inayolingana na ile ya hewa inayotuzunguka huinua zebaki sentimita 76. Ukitaka kupima presha mara tano ya hiyo, unahitaji bomba la kioo la karibu mita nne. Hebu fikiria kubeba kioo cha urefu huo juu ya kichwa cha treni kinachorukaruka relini! Basi wengi waliendesha kwa kusikiliza mlio na kubahatisha.

Jibu lilipatikana kwa kosa la fundi. Bourdon alikuwa akiunda mashine ya mvuke iliyohitaji bomba la kuzunguka kama nyoka, lile la kupoozea mvuke. Wakati wa kulikunja, bomba likabonyea na kuwa bapa. Badala ya kulitupa aliziba ncha moja, na kwa ncha ya pili akasukuma maji ndani kwa pampu, ili maji yalirudishie uduara wake. Ule ubapa kweli ulianza kutoka. Lakini bomba lilifanya jambo jingine ambalo hakulitarajia: lilianza kujikunjua. Kadiri alivyozidisha presha, ndivyo ncha iliyozibwa ilivyosogea.

Nadhani mafundi wengi kabla yake waliliona jambo hilo, wakalaani bomba na kwenda kununua jingine. Yeye alisimama akatazama. Bomba bapa lililokunjwa likijazwa presha hutaka kuwa duara, na kwa kutaka kuwa duara hulazimika kunyooka kidogo. Presha ikiondoka, hurudi lilivyokuwa. Kunyooka kwenyewe ni kwa milimita chache tu, ila Bourdon alikuwa pia mtu wa saa na meno madogo ya saa. Akaifunga ncha ya bomba kwa kijiti, kijiti kikavuta kipande chenye meno, meno yakazungusha mshale. Milimita chache zikawa karibu duara zima juu ya uso wa saa. Zebaki na kioo kirefu havikuhitajika tena. Hati ya uvumbuzi aliichukua mwaka 1849.

Mafanikio yalikuja haraka. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, geji yake ilipewa nishani ya juu. Mwaka uliofuata Mmarekani Edward Ashcroft alinunua haki ya kuitengeneza kwao, na kutoka hapo ikaingia kwenye treni na meli za dunia. Hata meli zilizowapeleka wazee wetu kutafuta kazi kusini zilikuwa za mvuke. Robert Coryndon ilianza safari za Ziwa Albert mwaka 1930, na mtu wa boila wa meli kama ile macho yake yalikuwa kwenye geji muda wote.

Kesi niliyowadokeza wanafunzi ilihusu chombo kingine. Mfaransa mwenzake, Lucien Vidi, alikuwa amechukua hati mwaka 1844 kwa kipimo cha presha ya hewa kisicho na zebaki. Bourdon alipotumia bomba lake kupima hewa hiyo hiyo, Vidi akamshtaki. Kesi ilivutana miaka mingi na mwishowe Bourdon akalipa fidia. Sioni kama jambo hilo lilimvunjia heshima, lakini linaonyesha kwamba hata mtu mwenye akili nyingi anaweza kupita katika shamba la jirani.

Geji ilikuwapo, lakini maboila hayakuacha kupasuka. Tarehe 27 Aprili 1865, katika Mto Mississippi, meli ya Sultana ililipuka usiku ikiwa imejaa wanajeshi walioachiwa kutoka kambi za mateka. Walikuwa wanarudi makwao baada ya vita. Boila moja lilikuwa limeonekana bovu huko Vicksburg, likatiwa kiraka cha haraka, kwa sababu matengenezo kamili yangechukua siku kadhaa na abiria wangepanda meli nyingine. Walikufa zaidi ya watu 1,000. Kila ninapoisoma habari hiyo nawafikiria watu wanaorudi nyumbani, maana na mimi nilirudi, tena juu ya lori ambalo breki zake hakuna aliyeziuliza.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa geji. Inaona, inasema, lakini haina mkono. Mtu akiwa amelala, au amejifanya kipofu, mshale utasimama penye hatari na mashine itaendelea. Mafundi waliokuja baadaye wakampa mshale huo mkono wa umeme. Katika geji za namna hiyo mna ncha ya pili, imesimamishwa kwenye kiwango cha hatari. Mshale ukifika pale unaigusa ncha, waya mbili zinakutana, umeme unapita katika sakiti, na swichi inafunga njia ya dizeli au inakata moto wa mashine. Kwenye kompresa hatari ni presha kupanda mno. Kwenye injini hatari ni presha ya oili kushuka, kwa kuwa vyuma vitasagana vikavu.

Sasa nieleze deni langu.

Mwaka 2009 mjomba wangu alikuwa na kinu cha kusaga mahindi na muhogo pembeni mwa Koboko. Umeme wa maporomoko ya Nyagak ulikuwa haujaanza, ulikuja mwaka 2012, kwa hiyo kinu kiliendeshwa na jenereta ya mtumba. Jenereta ile ilikuwa na geji ya oili ya namna niliyoieleza. Kwa kuwa injini ikiwa imelala presha yake ni sifuri, geji isingeruhusu iwake kabisa. Basi waundaji waliweka kitufe: unakibonyeza, unawasha, presha inapanda, unakiachia, na tangu hapo geji inalinda.

Miezi michache baada ya kununuliwa, injini ikaanza kuzima yenyewe. Haikuzima asubuhi. Ilizima saa sita, jua kali, siku ya soko, akina mama wamepanga mabeseni mpaka barabarani. Mjomba akaniita, mimi msomi wa familia. Nikaigonga ile geji kwa kidole, nikatangaza kwamba ndiyo mbovu. Kisha nikachukua ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli nikakifunga kitufe kikabaki kimebonyezwa. Injini ikanguruma mpaka jioni, akina mama wakanishangilia, nami nikala kuku.

Geji haikuwa mbovu. Oili ilikuwa nyepesi na beringi zimekwisha, hivyo injini ilipopata moto presha ilianguka kweli, na geji ikafanya kazi iliyowekewa. Siku ya tisa injini ilinoki. Chuma cha pistoni kilikatika kikatoboa ubavu wa injini, na oili ya moto ikamrukia kijana wetu aliyekuwa anakinga unga. Mkono wake wa kushoto una kovu kutoka kiwiko hadi kiganja. Mjomba aliuza ng'ombe wanne, kwanza kwa matibabu, kisha kwa injini nyingine. Hakuwahi kunilaumu kwa maneno. Kijana yule alikuwa na miaka 17, na sasa ana fremu yake ya kuuza spea Arua. Nikienda kwake ananiita mwalimu, nami hushindwa kuutazama mkono ule.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi sikuwa mjinga wa jambo lile. Mchoro nilikuwa nao kichwani tangu Zaire. Nilijua bomba linanyooka kwa sababu gani, ningeweza kuandika ukurasa mzima wa mtihani. Bourdon aliona bomba limeharibika akasimama kuliuliza linafanya nini. Mimi niliona chombo kizima kinasema nikakifunga mdomo.

Bourdon alimwachia mwanawe Édouard kazi za karakana mwaka 1872, lakini hakukaa kivulini. Uzeeni alishughulika na vyombo vya kupima kasi ya upepo. Alifariki Paris tarehe 29 Septemba 1884, akiwa na miaka 76.

Umeme wa gridi ya taifa ulipofika Arua mwaka 2024, mjomba aliniuliza kama sasa auze jenereta. Nilimwambia aiweke kwa siku za giza, naye ameiweka. Geji yake ya pili ni ya namna ile ile, na kitufe chake kiko wazi. Ule ukanda wa mpira nilirudi nao. Kidato cha tatu kikifika somo la presha, nachukua kipande kirefu cha tyubu, nakiziba ncha moja, nakikunja kikiwa bapa kama mkeka, kisha namwita mwanafunzi mmoja aje na pampu ya baiskeli. Akipiga pampu, tyubu inavimba na kujikunjua mezani mbele ya darasa, na wote husimama kuitazama.