Marcello Malpighi na mishipa midogo ya mama mjamzito

Kinamama wanaofanya biashara Kariakoo hutuuliza swali hili mara kwa mara: kwa nini kila wakija kliniki wanapimwa presha na kuombwa mkojo, hata siku ambazo hawajisikii kuumwa? Jibu linatupeleka kwa daktari mmoja wa Italia aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Sisi wauguzi hukutana na jina lake chuoni kwenye somo la figo, tunalikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Marcello Malpighi alizaliwa mwaka 1628 Crevalcore, karibu na mji wa Bologna. Alipofikisha miaka 21 alifiwa na wazazi wake wote wawili. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, hivyo akasimamisha masomo ashughulikie wadogo zake. Baadaye alirudi chuo kikuu, na mwaka 1653 akahitimu udaktari.

Mwaka ule ule aliozaliwa, daktari Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kuonyesha kwamba moyo husukuma damu, nayo huzunguka mwilini na kurudi. Lakini hakuna aliyekuwa ameona damu inapitia wapi kutoka kwenye ateri kuingia kwenye vena. Harvey alifariki mwaka 1657 bila kuiona njia hiyo. Mwaka 1661 Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini, akaona mishipa myembamba kuliko unywele, imetandaa kama wavu. Hizo ndizo kapilari. Kwa maoni yangu, hakuna chura aliyewafaa kinamama kuliko yule.

Mwaka 1666 alichapisha aliyoyaona kwenye figo. Alikuwa ameingiza maji meusi kwenye mishipa yake, vikajitokeza vidonge vidogo sana vinavyoning'inia kama matunda mtini. Leo tunajua kila kidonge ni kishada cha kapilari kinachochuja damu, na figo moja lina karibu milioni 1. Kikiwa kizima, protini hubaki kwenye damu. Kikiumia, protini huvuja kwenye mkojo, na ndiyo maana tunakuomba ule mkojo.

Sasa, ujauzito unaingiaje hapa? Mama akishika mimba, damu yake huongezeka kwa karibu nusu. Mishipa hulegea ili kuipokea, hivyo presha kwa kawaida hushuka kidogo miezi ya katikati. Mishipa ya mfuko wa uzazi inayolisha kondo la nyuma hutakiwa kutanuka sana. Kwa baadhi ya kinamama haitanuki vya kutosha. Kondo likikosa damu humwaga kemikali kwenye damu ya mama, nazo huumiza ngozi ya ndani ya mishipa midogo mwili mzima. Presha hupanda kufikia 140/90 au zaidi. Ini likiguswa, mama huumwa chini ya mbavu upande wa kulia. Macho huona ukungu au vimulimuli. Kichwa huuma na dawa ya maumivu haisaidii. Kama haikudhibitiwa, huja degedege, yaani kifafa cha mimba. Huo ni ugonjwa wa mishipa, si majini, na hospitalini kuna sindano ya magnesiamu salfeti ya kuuzuia.

Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama kutwa kwenye meza ya biashara ni jambo la kawaida. Uso na mikono kuvimba ghafla, hapana. Usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Turudi kwa Malpighi. Alichunguza pia jinsi mishipa ya damu inavyojitokeza kwenye kifaranga kilichomo ndani ya yai. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua pamoja na hadubini na maandishi yake, akiwa na miaka 56. Mwaka 1691 aliitwa Roma kuwa daktari wa Papa Innocent XII. Huko, Julai 1694, alipata kiharusi, na cha pili kikamwondoa mwishoni mwa Novemba. Waliompasua walikuta damu imevuja ndani ya ubongo.

Mishipa ya ubongo kupasuka kwa presha ni mojawapo ya njia ambazo kifafa cha mimba huua, na hatari hiyo haiishi mtoto akishazaliwa. Inaweza kumpata hata mama ambaye presha yake ilikuwa nzuri ujauzito mzima, hasa siku za mwanzo baada ya kujifungua, na hadi wiki ya 6. Huo ndio wakati mzazi yuko ndani anamaliza arobaini, anakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na akisema kichwa kinamuuma anaambiwa ni uchovu wa kunyonyesha. Bibi, mama mkwe au wifi unayemtunza: mzazi akilalamika kichwa, macho au pumzi kubana, mtoe ndani hata kama arobaini haijaisha. Mpeleke na kadi yake ya kliniki, na mwambie mhudumu mapema kwamba amejifungua siku kadhaa zilizopita, apimwe presha kwanza.