Robert-Houdin: Fundi saa aliyeficha mazingaombwe kwenye mifuko ya koti

Paris, usiku wa Julai 3, 1845. Ukumbi ni mdogo, una viti kama 200 tu, ndani ya majengo ya Palais-Royal. Anatokea mwanaume wa miaka 39, kavaa suti nyeusi ya jioni, tena koti lenye mikia nyuma, kama walivyovaa mabwana waliokaa mbele yake.

Hana joho refu. Hana kofia ndefu yenye ncha. Meza zake hazikufunikwa kwa vitambaa vya kugusa sakafu, na jukwaa linafanana na sebule ya mtu mwenye uwezo.

Jina lake ni Jean-Eugène Robert-Houdin. Leo wengi wanamtaja kama baba wa mazingaombwe ya kisasa. Lakini usiku ule karibu aache kazi kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ameondoa karibu maficho yote ambayo wafanya mazingaombwe wa zamani walitegemea. Kwa vitu vya kupotezea mkononi, kimbilio lake lilikuwa koti aliloshonewa na vidole vyake mwenyewe.

MTOTO WA FUNDI SAA

Alizaliwa Desemba 1805 mjini Blois, Ufaransa, kando ya mto Loire. Wakati huo aliitwa Jean-Eugène Robert tu. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi saa mwenye jina pale mjini. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo.

Alipofika miaka 11 alipelekwa shule Orléans. Baba alitaka kijana awe mwanasheria, asishike bisibisi kama yeye. Kijana akajaribu kazi ya ukarani katika ofisi ya sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magurudumu na springi. Mwisho baba alikubali, na kijana akaenda kujifunza ufundi saa kwa binamu yake.

Hapo ndipo kinaingia kisa alichokisimulia mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake. Aliagiza vitabu vya ufundi saa kwa muuza vitabu. Alipofika nyumbani na kufungua kifurushi, kumbe amepewa vitabu vingine kabisa, vya michezo ya kisayansi na mazingaombwe. Hakuvirudisha. Akasoma usiku kucha.

MIFUKO YA KWANZA ILIKUWA YA MAZOEZI

Vitabu vilieleza siri, lakini havikufundisha mikono. Basi akamtafuta mtu mmoja pale Blois aliyeitwa Maous, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu miguu ya watu na pembeni akijua michezo ya mikono. Maous alimfundisha kurusha mipira hewani na kuidaka bila kuangusha.

Kijana alikomaa na mazoezi hadi akaweza kurusha mipira minne huku akisoma kitabu kilichowekwa mbele yake. Faida yake ilikuwa kubwa: vidole vilijifunza kufanya kazi bila macho kuviangalia.

Lakini muda ulikuwa tatizo. Mchana kuna kazi, na mtu hawezi kutembea barabarani akichezea karata watu wakamwona. Akaja na ujanja. Akawekewa mifuko mipana pande zote mbili za koti lake la nje, inayotosha mkono kujigeuza humo ndani. Mfuko mmoja akaweka karata, mwingine sarafu.

Kuanzia hapo kila safari ya kwenda mahali ikawa darasa. Watu walimwona kijana anayetembea mikono mfukoni, labda kwa sababu ya baridi. Ndani ya mfuko vidole vilikuwa vinagawa karata, vinabana sarafu katikati ya kiganja, vinaiachia na kuibana tena.

Kwa hiyo mfuko wake wa kwanza wa siri haukumdanganya mtazamaji yeyote. Ulificha mazoezi.

JINA JIPYA, MZIGO MPYA

Mwaka 1830 alimuoa Josèphe Cécile Houdin, binti wa fundi saa mwingine wa asili ya Blois aliyekuwa akifanya kazi Paris. Akaunganisha majina mawili, na ndiyo Robert-Houdin tunayemjua.

Jijini Paris alitengeneza na kukarabati saa na midoli inayojiendesha yenyewe. Pia alikuwa mtu wa kushinda kwenye duka la vifaa vya mazingaombwe, akisikiliza wataalamu wakibishana.

Maisha hayakuwa laini. Oktoba 1843 mke wake alifariki, akamwacha na watoto wadogo. Mwaka uliofuata alioa tena. Mwaka huohuo wa 1844 akapeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris mdoli wake aliyeweza kuandika na kuchora. Mfalme Louis-Philippe alimwona mdoli huyo, na baadaye P. T. Barnum wa Marekani akamnunua.

Ndoto ya kuwa na ukumbi wake ilihitaji hela. Rafiki yake tajiri, Count de l'Escalopier, alimpa faranga 15,000. Sasa ilikuwa ama zake ama zao: ana familia, ana deni, na mtindo wake ni mpya.

USIKU WA KWANZA

Turudi Julai 3, 1845. Woga ulimshika. Aliongea harakaharaka, sauti ikawa ya namna moja, na onyesho likaisha hoi. Usiku hakulala, na kesho yake akafunga ukumbi.

Rafiki mmoja akaja kumtembelea na kumwambia kuwa amefanya vizuri kuacha, kwani hata yeye alijua tangu mwanzo kuwa jambo lile halitaenda popote. Maneno hayo yalimuuma kuliko lawama. Akafungua ukumbi tena, akaongea taratibu, na kila usiku akapunguza kosa moja.

Baada ya muda watu walijaa. Mwaka 1846 alimleta mwanawe Émile, aliyefungwa kitambaa machoni na kutaja vitu ambavyo baba yake alishikishwa na watazamaji. Mwaka 1847 akaonyesha mtoto akiwa amelala hewani, mwili wote ukishikiliwa na fimbo moja tu chini ya kiwiko.

KWA NINI SUTI?

Wapo waliovaa nguo za kawaida jukwaani kabla yake, lakini mafanikio yake ndiyo yaliyoifanya suti kuwa sare ya kazi hiyo.

Tuelewe ilivyokuwa zamani. Wachezaji wa mitaani wa vikombe na mipira walifunga kiunoni mfuko mkubwa kwa mbele, kama wauza samaki wanavyofunga mfuko wa hela. Ulisaidia kupoteza vitu na kuvitoa. Wengine walivaa majoho mapana. Tatizo ni kwamba kila mtu aliona mfuko, kila mtu aliona joho. Hata asiyejua siri alijua siri inakaa wapi.

Robert-Houdin aliona kuwa nguo inayozoeleka haishukiwi. Kwake mfanya mazingaombwe alikuwa mwigizaji anayeigiza mtu mwenye nguvu za ajabu. Kama ni hivyo, avae kama mgeni rasmi wa karamu. Na koti la karamu likitoka kwa fundi cherehani anayejua kazi, lina nafasi kuliko watu wanavyodhani.

MIFUKO ILIKAA WAPI?

Mwaka 1868 alichapisha kitabu cha kufundisha sanaa yake hatua kwa hatua. Miaka michache baadaye kilitafsiriwa kwa Kiingereza na mwanasheria wa London aliyeandika kwa jina la Professor Hoffmann, ambaye naye mwaka 1876 alikuwa ametoa kitabu chake maarufu cha mazingaombwe. Kutoka kwa watu hawa, wanaoanza walijua koti la kazi linashonwaje.

Mfuko wa kwanza ni mkubwa, upo upande wa ndani wa mkia wa koti, mmoja kila upande. Mdomo wake upo pale kiganja kinapofika mkono ukining'inia wenyewe. Kitu kikidondoka humo, bega halitikisiki.

Mfuko wa pili ni mdogo, upo kwenye suruali, nyuma ya paja, na mkia wa koti unaufunika. Huo ni wa sarafu, yai au mpira mdogo. Vidole vinaweza kutupa kitu au kuchukua kingine.

Wa tatu upo ndani ya koti, usawa wa kifua. Huo ni wa kuhifadhi kitu kitakachotokea baadaye. Na chini ya kizibao, kwa ndani, mpira wa kuvutika ulishonwa kukizunguka ili kitu kilichosukumwa humo kisidondoke.

Lakini mfuko haupotezi kitu peke yake. Sarafu inaonekana kama imehamia mkono wa kushoto, kumbe imebaki kulia. Macho ya mchezaji yanafuata kushoto, na watazamaji wanafuata macho yake. Wakati huo mkono wa kulia unashuka tu, kama mkono wowote uliochoka. Kushoto kunafunguliwa, hakuna kitu. Kisha kulia nako kunaonyeshwa, hakuna kitu.

Hapo ndipo mfuko unalipa gharama ya fundi. Bila mfuko, mkono mmoja unabaki na deni. Ukiwepo mfuko, mikono yote miwili inatoka safi.

Anayeanza hukosea mahali palepale: anauangalia mfuko, au mkono unakwenda huko bila sababu. Ndiyo maana mafundi wa zamani walipenda fimbo ndogo. Mkono ukienda kuchukua fimbo, una sababu ya kusogea, na njiani unaacha ulichobeba. Mdomo wa mfuko nao uwe umeachama, maana mkono unaopapasa nguo unajitangaza.

KUTOKA LONDON HADI ALGERIA

Mapinduzi ya 1848 yalipokausha kumbi za Paris, Robert-Houdin alivuka kwenda London, akafanya maonyesho St James's Theatre na pia mbele ya Malkia Victoria. Baadaye alimwachia shemeji yake ukumbi, akarudi kijijini Saint-Gervais karibu na Blois. Nyumba yake ilijaa maajabu ya umeme: saa, kengele, na geti lililotoa taarifa mgeni akifika.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria, nchi waliyokuwa wanaitawala kwa mabavu. Lengo lilikuwa kuwaonyesha viongozi wa makabila kuwa Wafaransa wana nguvu kuliko viongozi wa dini waliokuwa wakichochea upinzani. Alileta sanduku dogo ambalo mtoto angelinyanyua, kisha mwanaume mwenye nguvu akashindwa kulisogeza. Siri ilikuwa sumaku ya umeme chini ya jukwaa.

Yeye mwenyewe aliandika kuwa baadaye wakalimani waliwaeleza watu hao kwamba ulikuwa ujuzi tu. Hata hivyo tofauti na Paris ni kubwa. Palais-Royal mtu alilipa kiingilio akijua anadanganywa kwa raha yake. Algeria watu waliitwa na mtawala, na lengo lilikuwa kuwatisha.

MWISHO WAKE

Vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 vilimchukua mwanawe Eugène, aliyejeruhiwa vitani na kufariki. Adui alifika hadi maeneo ya Blois. Robert-Houdin mwenyewe alifariki kwa nimonia Juni 13, 1871, akiwa na miaka 65.

Ukumbi uliobeba jina lake ulinunuliwa mwaka 1888 na Georges Méliès, ambaye baadaye akawa mmoja wa watengeneza filamu wa kwanza duniani. Kijana mwingine, Erik Weisz wa Marekani, alilipenda jina Houdin akaongeza herufi moja mwishoni na kujiita Houdini. Mwaka 1908 Houdini huyohuyo aliandika kitabu kizima cha kumshambulia. Blois leo kuna jumba la makumbusho ya mazingaombwe, linatazamana na kasri la mji.

Makoti yenye mikia yamebaki kwa wachache, kwa hiyo wanaoanza sasa hutumia mfuko wa pembeni wa koti la kawaida. Kazi ni ileile aliyoianza kijana wa Blois barabarani: mikono mfukoni, sarafu kiganjani, na macho yakiangalia pengine.