Yokoi na Hekima ya Mbao Kavu

Kila itokeapo habari kwamba kampuni fulani ya ughaibuni imezindua mashine mpya ya kuchezea gemu, mjadala huzuka vibandani Malindi, Watamu na Kilifi mithili ya siku ya kuvunjwa kwa baraza la mawaziri. Wenye vibanda hupiga hesabu za mikopo, na wazazi huganda mifuko. Mimi nafundisha isimu, wala uhandisi si fani yangu, lakini mpwa wangu aliyefungua kibanda cha namna hiyo mjini Malindi huniletea kila habari ya soko hilo akitaraji mjomba atamuunga mkono anunue kilicho kipya. Aghalabu hanipati. Humjibu kwa kisa cha Mjapani mmoja, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa hadharani.

Gunpei Yokoi alizaliwa Kyoto mwezi Septemba 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, ambayo wakati huo ilijulikana kwa karata za kuchezea ilizokuwa ikitengeneza tangu 1889. Kazi aliyopewa ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Hiyo si kazi ya kumpa mtu jina. Kwa kuwa mitambo haikuharibika kila siku, kijana huyo alijiundia mkono wa bandia wenye vipande vilivyopishana kama mkasi, uliorefuka na kukamata kitu kilicho mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona alipopita kiwandani. Badala ya kumkaripia kwa kuchezea saa za kazi, alimwamuru augeuze mkono huo kuwa bidhaa ya kuuza. Ulitoka mwaka 1966, ukauzwa zaidi ya milioni moja, na Yokoi hakurudi tena kutia mitambo mafuta.

Wazo lililomtoa zaidi lilimjia garini, tena gari la abiria. Akiwa ndani ya treni ya mwendo wa kasi alimwona mfanyakazi mmoja aliyechoka akijipumbaza kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Miaka hiyo kampuni za Sharp na Casio zilikuwa zimeshindana kwa vikokotoo hata vioo na vipuri vyake vikawa rahisi mno. Yokoi akatwaa vipuri hivyo rahisi, akatengeneza gemu ndogo za mfukoni zilizokuwa pia saa. Ziliitwa Game & Watch, zilianza mwaka 1980, na hadi 1991 ziliuzwa zaidi ya milioni 43. Katika moja ya hizo, ya mwaka 1982, aliweka kitufe chenye umbo la msalaba cha kuelekezea kwa kidole gumba. Msomaji akitazama kishikio chochote kilichopo kibandani leo, atakiona kitufe hicho au mjukuu wake.

Hapa naomba ruhusa ya mtu wa lugha. Yokoi alikuwa na falsafa yake ya kazi, ambayo Waingereza wameitafsiri kwa neno linalomaanisha kunyauka: kwamba mtu atumie teknolojia iliyonyauka kwa fikra ya kwenda upande mwingine. Msomaji akisikia kunyauka huona mchicha wa juzi. Lakini kitenzi cha Kijapani, ambacho kwa asili husemwa juu ya miti, wahandisi wa kule hukitumia kwa jambo lililokwisha kukomaa, ambalo ila zake zote zinajulikana na bei yake imeshuka. Kiswahili kina picha inayolingana nayo kuliko Kiingereza. Fundi wetu wa milango au wa mashua hataki mbao mbichi. Mbao mbichi hupinda, hupasuka, hulegeza misumari. Huisubiri ikauke. Ubao mkavu haujafa, ila umemaliza ukaidi wake. Nadhani Yokoi angeelewana na mafundi hao bila mkalimani.

Falsafa hiyo ilijaribiwa mwaka 1989, alipotoa Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi. Teknolojia ya kioo cha rangi ilikuwako. Yokoi aliikataa kwa makusudi, akaweka kioo cha kijanikijani kisicho hata na taa. Washindani wake, Atari kwa Lynx mwaka huohuo na Sega kwa Game Gear mwaka 1990, walikuja na rangi na mwangaza, na Sega ikamfanyia dhihaka katika matangazo yake. Ila mashine zao zilikula betri sita kwa saa chache tu, ilhali ya Yokoi ilidumu zaidi ya saa kumi kwa betri nne ndogo, zile ambazo wengine huziita mawe, na bei yake ilikuwa nafuu mno. Tena ilikuwa ngumu: moja iliyoungua katika Vita vya Ghuba iliwekwa kwa miaka mingi katika duka la Nintendo jijini New York ikiwa bado inafanya kazi. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi aliyekuja 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Waliodhihaki waliondoka sokoni.

Mpwa wangu hunijibu kwamba Yokoi naye alishindwa, na hasemi uongo. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, ya kuchungulia kwa macho mawili, yenye picha za rangi nyekundu tupu, iliyowaumiza watu vichwa. Haikufikisha milioni moja, na haikumaliza mwaka sokoni. Taa zile nyekundu nazo zilikuwa teknolojia kavu. Kwa hiyo ukavu wa mbao pekee hautoshi. Lazima chombo chenyewe kikalike.

Lakini hesabu ya kibanda cha Malindi iko palepale. PlayStation 5 Pro ilipotoka Novemba 2024 iliuzwa Marekani kwa dola 700 kasoro senti, takriban shilingi 90,000 zetu kabla ya kodi na nauli, tena bila sehemu ya kutia diski. Asiye na diski hana cha kuazima wala cha kuuza akichoka nacho; itambidi apakue makumi ya gigabaiti kwa data anayoilipia mwenyewe. PlayStation 4, ya mwaka 2013, fundi wa mtaani ameifungua mara nyingi, anajua hewa ya chumvi ya pwani yetu huanza kuila wapi, na vipuri vyake vinapatikana. Gemu ya kandanda ya EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025 na ambayo ndiyo wateja wa mpwa wangu huililia, ilitolewa pia kwa mashine hiyo kongwe. Kijana anayelipa kwa mechi moja hatalipa maradufu kwa sababu nyasi za uwanjani zinaonekana vyema zaidi. Nilimshauri anunue mbili zilizotumika badala ya moja mpya, aweke na akiba ya siku ambayo umeme utapotea na kurudi kwa kishindo. Bado ananuna.

Yokoi aliiacha Nintendo Agosti 1996 baada ya miaka 31. Wengi walisema Virtual Boy ndiyo iliyomfukuza. Mwenyewe alikana, na Game Boy ndogo zaidi aliyoisimamia ilikuwa imetoka mwezi mmoja tu kabla. Akaanzisha kampuni yake, Koto. Tarehe 4 Oktoba 1997 gari alimokuwa liligonga lori katika barabara kuu ya Hokuriku. Aliposhuka kutazama uharibifu, gari jingine likampiga. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Mashine aliyokuwa akiisaidia kampuni ya Bandai kuiunda, WonderSwan, ilitoka Machi 1999. Haikuwa na rangi. Iliuzwa yeni 4,800, ikala betri moja tu, na miongoni mwa gemu zake za kwanza kulikuwa na fumbo la kuunganisha mistari lililopewa jina la Gunpey.