Patrice Lumumba, mwanafunzi wa Tunda aliyetafuta Kongo moja

Wengi wetu tunamjua Patrice Emery Lumumba kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Wachache wanakumbuka kwamba katika ujana wake alipita kwenye misheni ya Kimethodisti ya Tunda, hapa Maniema.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, Sankuru, katika kabila la Batetela. Alisoma kwa Wamethodisti na kwa Wakatoliki, kisha akaja Tunda kujifunza uuguzi. Alivuka mpaka wa jimbo, lakini hakufika ugenini: Bakusu wa Maniema na Batetela wa Sankuru ni watu wa asili moja, waliogawanywa na utawala wa Wabelgiji.

Kutoka hapo alifanya kazi Kalima, halafu akawa karani wa posta Kisangani, iliyoitwa Stanleyville. Mjini mle watu wa kwao walikuwa wachache kati ya makabila mengi. Aliweza kusema na jirani zake kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa.

Oktoba 1958 akawa kiongozi wa chama kipya, MNC. Wakati ule ABAKO ilikuwa ya Bakongo, na CONAKAT ilitetea Katanga. Lumumba aliomba kura katika majimbo mengi. Mei 1960 chama chake kilipata viti 33 kati ya 137, kuliko chama kingine chochote. Kwa kura za kabila lake peke yake asingefika huko.

Lakini tuseme ukweli wote. Agosti 1960 jeshi la serikali yake liliingia Bakwanga, leo Mbuji-Mayi, kuzima kujitenga kwa Kasai Kusini. Raia wengi Baluba waliuawa. Umoja uliotafutwa kwa bunduki uliacha vilio katika nyumba za watu.

Yeye mwenyewe aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Jino lake lilirudishwa kutoka Ubelgiji mwaka 2022, likazikwa Kinshasa.

Hata leo wapo ndugu zetu wanaoulizwa kama kweli ni Wakongomani, kwa sababu ya kabila au lugha. Mtume Paulo aliwafundisha Waefeso kwamba katika nyumba ya Mungu hakuna mgeni. Tuanzie hapo: katika uchaguzi wa wazee wa kanisa, katika kugawa misaada, na katika lugha tunayoimbia.

Mungu aibariki Kongo.