Mtakatifu Kamili wa Lellis: Mkuu Aliyerudi Wodini

Kila tarehe 14 Julai Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa, hospitali na wauguzi. Sisi waseminari, ambao kesho tutakabidhiwa watu wa kuwaongoza, tuna mengi ya kujifunza kwake, na wauguzi wa parokia zetu pia.

Kamili alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, nchini Italia. Baba yake alikuwa askari, naye akafuata njia hiyo hiyo. Alikuwa mrefu sana, mwepesi wa hasira na mcheza kamari sugu. Akiwa bado kijana alipata kidonda mguuni ambacho kilimsumbua hadi kufa. Kidonda hicho kilimfikisha Roma, katika Hospitali ya San Giacomo, iliyopokea wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Alitibiwa huku akifanya kazi ya utumishi humo, lakini akafukuzwa kwa ugomvi na kamari.

Mwaka 1574 kamari ilimmaliza kabisa mjini Napoli. Alipata kibarua katika ujenzi wa nyumba ya Wakapuchini huko Manfredonia, na hapo, Februari 1575, akaongoka. Aliomba kuwa Mkapuchini, lakini kidonda kilifunguka tena na hakuweza kuendelea. Basi akarudi San Giacomo, safari hii akiwa mtu mwingine, hata akapewa usimamizi wa watumishi wote.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo kila kiongozi wa wauguzi analifahamu. Watumishi wengi walifuata ujira tu. Wagonjwa walilala katika uchafu, wengine walikosa hata mtu wa kuwalisha. Kamili angeweza kukaripia na kuadhibu, lakini jicho la msimamizi haliwezi kuwa kwenye kila kitanda usiku kucha. Kwa hiyo mwaka 1582 alianza kukusanya wenzake wachache waliokuwa tayari kuhudumia kwa mapendo na kusali pamoja. Wakuu wa hospitali walishuku kwamba kikundi hicho kinataka kuwanyang'anya madaraka, wakakizuia.

Hakukata tamaa. Akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30 alikaa darasani pamoja na watoto kujifunza Kilatini, akapadrishwa mwaka 1584. Yeye na wenzake walihamia Hospitali ya Roho Mtakatifu, hapo hapo Roma. Walitandika vitanda, waliosha wagonjwa, waliwalisha na kukesha na waliokuwa wakifa. Kamili aliagiza sala ziendelee kwa robo saa hata baada ya mgonjwa kuonekana amekata roho, kwa maana wengine walizikwa wakiwa hai. Papa Sisto V alikikubali kikundi mwaka 1586 na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu. Huko Napoli, wenzake wawili walikufa baada ya kuwahudumia wagonjwa wa tauni ndani ya meli zilizokatazwa kutia nanga. Mwaka 1591 Papa Gregori XIV alilipandisha shirika hadhi, na wanashirika wakaweka nadhiri ya nne: kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha uhai wao.

Lakini jaribu kubwa lilitoka ndani. Mwaka 1594 Kamili alikubali shirika libebe huduma yote ya hospitali kubwa ya Milano, ya mwili na ya roho. Baadhi ya ndugu zake waliona mzigo umezidi nguvu, na kwamba inatosha kuhudumia roho. Kwa Kamili, mwili na roho ya mgonjwa havigawanyiki. Mabishano yalidumu miaka kadhaa, huku madeni nayo yakiongezeka.

Mwaka 1607 Kamili alijiuzulu ukuu wa shirika alilolianzisha mwenyewe. Hakuondoka kwa hasira wala kuunda kundi lake. Alirudi wodini kama ndugu mmoja kati ya ndugu, akamtii mkuu mwingine, akaendelea kuwahudumia wagonjwa hadi alipofariki Roma mwaka 1614. Wanawe wa kiroho, Wakamiliani, wapo hata kwetu Afrika Mashariki. Hospitali ya Karungu, nchini Kenya, inabeba jina lake.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika wodi, daktari, muuguzi, mfamasia na anayepiga deki wote wanamhudumia mgonjwa yule yule. Mmoja akimdharau mwingine, anayeumia ni aliyelala kitandani. Hata katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunaweza kuanza: tuwatambue wagonjwa wa mtaa wetu, tupangiane siku za kuwatembelea, na mwenyekiti naye ajiandikie zamu yake ya kufua mashuka.

Mtakatifu Kamili wa Lellis, utuombee.