Imamu Aliyempiga Mreno kwa Merikebu Zake

Hapa Isiolo, mbali na bahari, mara nyingi nasikia sifa za kuitwaa Fort Jesus zikipewa Seif bin Sultan, Imamu wa Omani. Ni kweli, ngome ilianguka zama zake, Desemba 1698. Lakini mimi leo namtaka babake, Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, kwani njia ya Mombasa ni yeye aliyeifungua.

Marehemu Sultan alishika uimamu mwaka 1649, alipofariki binamu yake, Nasir bin Murshid. Mreno alikuwa bado ameikalia Maskati aliyoinyakua mwaka 1507. Januari 1650 Imamu akaitwaa, na merikebu za vita alizozikuta bandarini akazitwaa pia.

Mwingine angezitia moto kwa furaha ya ushindi. Yeye aliwapandisha watu wake, akazifanya chimbuko la jeshi lake la majini. Wasomaji wa pwani mnakijua chombo cha kushonwa kwa kamba, kama mtepe wetu wa zamani. Ni chepesi, na hakivunjiki upesi kikigusa mwamba. Lakini kipandishe mizinga mizito, uipige, kishindo chake kitailegeza mishono. Merikebu za Mreno zilikuwa za misumari na mbao nene, zimeundwa kwa kazi hiyo hasa.

Watu wetu nao walikuwa wamechoshwa na jeuri ya Mreno, wakapeleka wajumbe Omani kuomba msaada. Mwaka 1652 jeshi la Imamu likafika Pate na Unguja. Mwaka 1661 likaushambulia mji wa Mombasa, ila ngome ikabaki mikononi mwa Mreno. Mwaka 1668 likaipora Diu, huko Bara Hindi. Nyumbani Imamu alijenga mnara mkubwa wa Nizwa, kazi ya kama miaka 12, ambao hadi leo wageni huenda kuutazama. Alifariki karibu na mwaka 1680, Mola amrehemu, Fort Jesus hajaiingia.

Hata hivyo, sitaki kumpamba kupita kiasi. Waliokuja kwa kuitwa walibaki kutawala, na si kila Mmombasa aliyefurahi. Waomani walipokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe, Mreno alirudi ngomeni mwaka 1728. Mwaka uliofuata alitolewa, na safari hiyo waliomtoa ni wenyeji.